Mbegu au Kipande? Kuzalisha Mimea na Wanyama kwa Njia Zote Mbili

"Nilikula embe tamu kama asali, nikapanda kokwa lake, nikaulea mti miaka 6. Mbona maembe yake ni machachu?"

"Maboga yangu yanachanua kila asubuhi, lakini kila kiboga kinachochungulia kinageuka njano na kudondoka. Nimekosea mbolea?"

"Kuku wangu ameatamia mayai 12, siku 21 zimekwisha, sijaona hata kifaranga kimoja. Nibadilishe kuku?"

Maswali haya yananijia tena na tena, kutoka kwa wanafunzi, wapenda bustani, hata watu wazima waliofuga kuku nusu ya umri wao. Mwenye embe hadhani kama yeye na mwenye kuku wana shida moja. Wanayo. Wote watatu hawakujiuliza mapema kama kiumbe walichonacho kinahitaji wazazi wawili ili kipate mtoto, au mmoja anatosha. Badala ya kuendelea kumjibu kila mtu peke yake, nimeziandika hapa kazi chache za kufanya kwa mikono yako mwenyewe. Ukizifuata utauona uzazi wa kijinsia na usio wa kijinsia kwa macho, tofauti kabisa na ile michoro ya kukariri usiku wa kuamkia mtihani.

Nadharia, na nitaimaliza hapahapa

Katika uzazi wa kijinsia, seli mbili za uzazi, moja ya kiume na moja ya kike, huungana zikawa moja. Kila moja huja na nusu ya urithi. Mtoto basi ni mchanganyiko: anafanana na wazazi, lakini si nakala ya yeyote kati yao. Katika uzazi usio wa kijinsia mzazi ni mmoja tu. Kipande chake, chipukizi lake au seli yake hukua ikawa kiumbe kamili chenye urithi uleule.

Kwa mtu wa vitendo maana yake ni hii: ukitaka kilekile, chukua kipande; ukitaka kipya, panda mbegu. Kuna mbegu chache zinazoivunja kanuni hii, nitazitaja tukifika kwenye mwembe.

Neno "kijinsia" lisikupoteze. Wengi hulisikia wakafikiria kujamiiana. Ua halijamiiani na mtu. Samaki wengi humwaga mayai na mbegu za kiume majini, zikakutana hukohuko nje ya miili yao. Kinachohesabika ni zile seli mbili kuungana, zikutane wapi ni jambo lingine.

Vitu vya kuandaa

- Mmea wa maboga ulioanza kuchanua, au miwili mitatu ikiwezekana
- Uzi laini na vifuko vidogo vya karatasi au kitambaa chepesi
- Wembe mpya au kisu chenye makali ya kunyolea, pamoja na spiriti ya kukisafishia
- Marando ya viazi vitamu na kopo la udongo tifutifu uliochanganywa na mchanga
- Mche wa mwembe uliotokana na kokwa, wenye unene wa penseli
- Utepe laini wa nailoni wenye upana wa kidole kimoja, na mfuko mwembamba wa plastiki
- Mayai ya matetea wanaoishi na jogoo, na tochi yenye mwanga mkali
- Chupa ya kioo yenye mdomo mpana
- Daftari na kalamu

Huna haja ya kukusanya vyote siku moja, kwa kuwa kazi hizi hazitegemeani. Usichoruhusiwa kukikosa ni daftari. Baada ya wiki tatu hutakumbuka ni ua lipi ulilichavusha wewe na lipi lilichavushwa na nyuki, na hapo kazi yako yote itakuwa imepotea.

Kazi ya kwanza: kulichavusha boga kwa mkono

Naanza na boga kwa sababu maua yake ni makubwa, na dume na jike wamekaa mbalimbali kwenye mmea mmoja. Kwenye ua la haragwe au la nyanya dume na jike wako nyumba moja, na utahitaji kibano na subira ya fundi saa.

1. Litambue ua jike. Angalia chini ya petali, pale ua linapokutana na kikonyo. Ukiona kiboga kidogo kama gololi, hilo ni jike. Ua dume husimama juu ya kikonyo kirefu chembamba kisicho na uvimbe wowote. Ndani yake kuna nguzo moja yenye unga wa njano, ambao ndio chavua. Ndani ya jike utakuta kichwa kinene chenye kunata, kwa kawaida kimegawanyika sehemu tatu.

2. Subiri mpaka yapatikane yote mawili. Mmea mchanga hutanguliza maua dume peke yake, mara nyingi kwa wiki nzima au zaidi. Yatadondoka bila kuzaa chochote, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

3. Jioni, tafuta maua yatakayofunguka kesho. Ncha zake zinakuwa zimeanza kugeuka njano lakini bado zimejikunja. Chagua jike moja na madume mawili, uyafunge midomo kwa uzi au uyavishe vifuko. Ukiruka hatua hii nyuki atakutangulia, na hutajua baba wa mbegu zako ni nani.

4. Amka mapema. Ua la boga hufunguka alfajiri, hujifunga kabla ya adhuhuri, na halifunguki tena. Ukiweza, maliza kabla ya saa 3 asubuhi.

5. Kata ua dume pamoja na kikonyo chake, ubandue petali zote ubaki na ile nguzo. Iguse kwa kidole. Unga ukibaki kidoleni, chavua iko tayari. Kama mvua imenyesha usiku na unga umegeuka tope, acha, utafute dume lingine.

6. Fungua ua jike, upakaze chavua juu ya kichwa chake taratibu, kama mtu anayepaka wanja. Zungukia sehemu zote, kisha rudia kwa ua dume la pili. Ukiacha upande mmoja bila chavua ya kutosha, upande ule wa tunda hukosa mbegu na boga hukua limepinda.

7. Lifunge tena ua jike. Funga uzi wa rangi kwenye kikonyo chake na uandike tarehe. Kifuko kiondoe ua likishanyauka.

8. Kagua kati ya siku ya 3 na ya 7. Utungisho ukifanikiwa, kiboga huanza kuvimba na kikonyo chake kunenepa. Ukishindikana, hugeuka njano kuanzia nchani, kikaoza.

Hapo umejibu swali la maboga yanayodondoka. Mara nyingi mbolea haina kosa: hakuna aliyepeleka chavua, ama kwa sababu nyuki hawapo, ama mvua ya asubuhi imewazuia, ama kuna mtu anayepulizia dawa ya wadudu saa zilezile maua yalipofunguka.

Ndani ya ua, kila chembe ya chavua iliyonasa kwenye kichwa cha jike huotesha mrija mwembamba unaoshuka mpaka kwenye ovuli moja (kijifuko kinachokuja kuwa mbegu) na kuitungisha. Ovuli moja, chembe moja, mbegu moja. Boga lenye mbegu 300 basi lilihitaji chembe zisizopungua 300 zilizofika salama, ndiyo maana nasisitiza madume mawili.

*Kosa la kawaida:* kuchavusha kwa chavua ya boga la aina nyingine, kisha kutazamia tunda libadilike sura. Halibadiliki. Ganda na nyama ya boga ni mwili wa mama. Mchanganyiko umejificha ndani ya mbegu, na utauona utakapozipanda na kusubiri matunda yake. Vilevile, boga lililopandwa karibu na matango halitakuwa na ladha ya tango. Hao wawili hawazaliani, hata walale kitanda kimoja.

Ukidhani kuchavusha kwa mkono ni mchezo wa watoto, uko karibu na ukweli kuliko unavyojua. Vanila ilipotolewa kwao Meksiko na kupelekwa kwingine, ilichanua vizuri lakini ikagoma kuzaa, kwa sababu ndani ya ua lake kuna utando unaozitenganisha sehemu za kiume na za kike. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, kijana wa miaka 12 aliyekuwa mtumwa, Edmond Albius, aliuinua utando huo kwa kijiti na kuzikutanisha sehemu hizo mbili kwa kidole gumba. Njia yake ndiyo inayotumika mpaka leo, ua kwa ua, na kila ua hufunguka siku moja tu. Albius mwenyewe alikufa maskini mwaka 1880.

Kazi ya pili: kipande cha shina

Hii ni rahisi, na ndiyo ya kumpa mtoto au mtu mwenye haraka.

1. Kata marando ya viazi vitamu kutoka kwenye mmea wenye afya, upande wa nchani, urefu wa sentimita 25 hadi 30.

2. Ondoa majani ya chini, ubakize mawili au matatu ya juu. Majani mengi hunywa maji ambayo kipande kisicho na mizizi hakina pa kuyatoa.

3. Fukia theluthi mbili ya urefu. Hakikisha vifundo viwili au vitatu vimeingia udongoni, kwa kuwa mizizi hutokea hapo.

4. Mwagilia, uweke kivulini siku tatu nne za mwanzo. Yakinyauka kidogo mchana usiogope.

5. Baada ya wiki moja fukua kipande kimoja uangalie. Utakuta mizizi myeupe kwenye vifundo. Hakuna ua wala chavua iliyohusika.

Muhogo nao hufuata njia hiyohiyo, ila hutumia pingili za shina lililokomaa zenye sentimita 20 hadi 25 na macho kadhaa. Waridi na mizabibu pia hukubali. Hapa pana mtego ambao mimi mwenyewe niliuingia: niliwahi kupanda vijiti 30 vya waridi, nikamwagilia mwezi mzima, vikakauka vyote isipokuwa viwili. Nilipoving'oa nikagundua vingi nilikuwa nimevisimika kichwa chini. Shina lina juu na chini yake, na halisahau hata likikatwa. Tangu siku hiyo upande wa chini naukata mshazari, wa juu naukata mkato ulionyooka, na giza likiingia sikosei.

Mimea mingine hailazimiki kusubiri kisu chako. Mgomba hutoa machipukizi kutoka kwenye shina lake la ardhini, tangawizi hutambaa chini ya udongo, kitunguu saumu hugawanyika vipunje, na kiazi mviringo huotea machoni. Kuna na ile mimea ya jamii ya kalanchoe ambayo huotesha miche midogo kwenye kingo za majani, ikadondoka chini tayari ina mizizi. Lakini usihitimishe kwamba jani lolote litaota. Jani la mwembe ukilichomeka udongoni utapata mboji.

Kazi ya tatu: kubebesha mwembe

Hii ndiyo dawa ya embe chachu. Mti ule mtamu ulizaa kokwa baada ya chavua kutoka kwa baba usiyemjua, kwa hiyo mche wa kokwa ni mtoto, naye mtoto si lazima afanane na mama kwa utamu. Ukitaka utamu uleule, chukua tawi la mama ulibebeshe juu ya mizizi ya mche mwingine. Wengine huita kuunganisha. Jina si hoja, hoja ni mkono safi na wembe mkali.

1. Chagua mti mama unaoujua kwa matunda yake, si kwa maneno ya jirani. Tafuta ncha za matawi zenye miezi michache, zenye unene sawa na mche wako, na ambazo macho yake yamevimba lakini hayajafunguka.

2. Siku 7 hadi 10 kabla ya kukata, ondoa majani kwenye ncha hizo ukibakiza vikonyo vyake. Mti utadhani umepoteza majani na utayasukuma macho yaamke. Wengi huiruka hatua hii, kisha hulalamika kwamba kipandikizi, yaani lile tawi la mama, kimelala.

3. Siku ya kazi, kata kipandikizi chenye urefu wa sentimita 10 hadi 15. Kifunge kwenye kitambaa chenye unyevu. Kama utabebesha kesho, usikikate leo.

4. Safisha wembe kwa spiriti. Ukate mche wako kiasi cha sentimita 20 kutoka ardhini, kisha upasue katikati kwenda chini sentimita 3 hadi 4.

5. Chonga sehemu ya chini ya kipandikizi pande mbili iwe kama kabari yenye urefu huohuo. Chonga kwa mkato mmoja mrefu kila upande. Ukikwangua kama anayechonga penseli, uso utakuwa na mawimbi na hautagusana.

6. Ingiza kabari ndani ya mpasuko. Hapa ndipo kazi inapofaulu au kufa: chini ya gome kuna utando mwembamba wa kijani unaokua. Utando wa kipandikizi lazima ugusane na utando wa mche, angalau upande mmoja. Kama kipandikizi ni chembamba kuliko mche, usikiweke katikati kwa ajili ya urembo. Kisogeze kiegemee upande mmoja.

7. Funga kwa utepe wa nailoni kuanzia chini kwenda juu, ukivuta vizuri. Maji yakiingia kwenye mpasuko, kidonda huoza.

8. Kivishe kipandikizi chote mfuko wa plastiki, uufunge chini ya kiungo (pale kipandikizi kilipokutana na mche), uweke mche kivulini. Mwagilia udongo, si kiungo.

9. Baada ya wiki 3 hadi 5 macho yataanza kufunguka. Legeza mfuko kwanza, uutoe baada ya siku chache. Utepe uache mpaka kiungo kikomae, kiasi cha miezi miwili mitatu, lakini usiuache ukalinyonga shina.

10. Kila chipukizi linalotokea chini ya kiungo liondoe bila huruma. Hilo ni la mche wa chini, na lina nguvu kuliko mgeni wako.

Mti utakaoupata ni watu wawili waliovaa gome moja. Mizizi ina urithi wake, matawi yana wake, wala havichanganyiki. Ndiyo maana huu si uzazi wa kijinsia, ijapokuwa umeunganisha mimea miwili. Usijaribu kubebesha mwembe juu ya mchungwa, kwa sababu undugu lazima uwe wa karibu. Chungwa juu ya limau hukubali, embe juu ya embe hukubali.

Sasa zile mbegu zinazovunja kanuni. Baadhi ya aina za embe, na jamii nyingi za machungwa, zina mbegu yenye viinitete (vimelea vichanga vya ndani ya mbegu) zaidi ya kimoja. Ukipanda kokwa moja ukaona miche miwili, mitatu au zaidi inatokea, basi mingi kati ya hiyo haikutokana na chavua. Imeota kutoka kwenye tishu za mama, nayo ni nakala zake. Kwa aina hizo mbegu inaweza kukupa utamu uleule. Kwa aina zinazotoa mche mmoja tu, wembe ni lazima.

Nakala nazo zina hasara yake. Ndizi zilizotawala biashara ya kimataifa mwanzoni mwa karne ya 20 zilikuwa aina moja, Gros Michel, migomba yote ikiwa nakala za mmoja. Ukungu wa mnyauko ulipojua njia ya kuua mgomba mmoja ulijua njia ya kuua yote, na kufikia miaka ya 1960 biashara ikawa imehamia kwa Cavendish, ambayo nayo ni nakala tupu. Kwa hiyo bustanini kwangu sibebeshi miti yote kutoka kwa mama mmoja.

Kazi ya nne: yai lenye baba na yai lisilo na baba

Tetea hutaga hata kama hajawahi kumwona jogoo. Hili peke yake huwashangaza watu wengi. Yai hilo halina kosa lolote, ila haliwezi kuanguliwa.

1. Waweke matetea na jogoo pamoja, jogoo mmoja kwa matetea kama 10, usubiri siku 7 hadi 10 kabla ya kuanza kukusanya mayai ya kuatamisha.

2. Kusanya kila siku. Usiyaoshe. Yahifadhi mahali penye ubaridi wa wastani, ncha nyembamba ikiangalia chini, na yasizidi siku 7.

3. Vunja moja kwenye sahani. Juu ya kiini utaona kidoa cheupe. Kikiwa kidogo na kimejaa bila mpangilio, halikutungishwa. Kikiwa kama duara lenye pete iliyo wazi, limetungishwa.

4. Yaliyobaki mpe kuku aliyetulia, au yaweke kwenye mashine ya kutotoleshea yenye nyuzi 37.5 za Selsiasi. Kwenye mashine yageuze angalau mara 3 kwa siku mpaka siku ya 18, kisha uyaache. Kuku hugeuza mwenyewe.

5. Usiku wa siku ya 7, ukiwa gizani, lishike yai mbele ya tochi. Mishipa myekundu kama utando wa buibui ni dalili ya uhai. Yai linalong'aa tupu halikuwa na kitu. Pete nyekundu bila mishipa ni kiinitete kilichokufa.

6. Subiri siku ya 21.

Mbegu za jogoo huweza kukaa hai ndani ya tetea kwa wiki mbili, wakati mwingine zaidi. Ukibadilisha jogoo leo, vifaranga vya wiki ijayo vinaweza kuwa bado vya yule wa zamani.

Wanyama wasiohitaji dume

Geuza majani machanga ya mimea ya bustani, mara nyingi utaona vidukari. Chukua jani lenye kidukari mmoja mkubwa asiye na mbawa, funga kikonyo cha jani kwa pamba yenye maji, weka ndani ya chupa, uzibe mdomo kwa kitambaa. Baada ya siku mbili hesabu. Utakuta watoto wadogo pembeni yake, aliowazaa wakiwa hai na bila dume yeyote. Wote ni majike, na nao wameshaanza kubeba watoto tumboni. Kwenye nchi zenye baridi kali, msimu ukigeuka, vidukari haohao huzaa madume, hupandana na kutaga mayai ya kuvuka majira. Ukimaliza, usiwarudishe bustanini.

Hata kwa wanyama wengine mambo haya hutokea. Nyuki dume hutokana na yai lisilotungishwa. Mwaka 2006 ilithibitishwa kwamba majike wa mburukenge wa Komodo waliofugwa Uingereza walitaga mayai yenye uhai bila kupandwa na dume. Hidra, mnyama mdogo wa majini, huchipusha mtoto ubavuni kama tawi.

Usimkate nyungunyungu, tafadhali. Hawi wawili. Upande wa kichwa wakati mwingine huponya jeraha, wa mkia kwa kawaida hufa. Nyungunyungu ni huntha, ana viungo vya kiume na vya kike, lakini bado humtafuta mwenzake ili wabadilishane mbegu. Na mkia wa mjusi unaoota upya ni uponyaji wa mwili. Mjusi ni yuleyule mmoja.

Mambo yakienda mrama

*Nimechavusha boga vizuri lakini limedondoka.* Hesabu matunda mengine kwenye mmea huo. Mmea wenye maboga kadhaa yanayokua huweza kuangusha mengine kwa makusudi. Vinginevyo, angalia saa uliyochavusha. Saa 5 ni kuchelewa.

*Mpapai wangu unachanua sana, hauzai.* Angalia maua. Yakining'inia kwa vishada kwenye vikonyo virefu, mti huo ni dume. Jike huwa na maua makubwa yaliyoshikamana na shina. Ndiyo maana wakulima hupanda miche mitatu shimo moja na kung'oa ya ziada jinsia ikishaonekana.

*Vipande vyangu vimechipua majani kisha vikafa.* Majani yalitokana na akiba ya shina kabla mizizi haijatoka. Punguza jua, na usivivute kila siku kuvichungulia.

*Kipandikizi kimekuwa cheusi kuanzia kwenye kiungo.* Maji yaliingia au wembe ulikuwa mchafu. Kata chini ya weusi, mpaka kwenye shina lenye afya, na ujaribu tena kama bado kuna urefu wa kutosha.

*Kipandikizi ni kijani lakini kimelala wiki ya sita.* Kikwaruze kidogo kwa ukucha. Ukiona kijani kibichi, subiri. Kagua pia kama kuna chipukizi la chini linalokinyima nguvu.

*Mayai yote yalionyesha mishipa siku ya 7, hayakuanguliwa.* Baba alikuwepo. Tafuta kosa kwenye joto, kugeuza, au kuku aliyekuwa akiacha kiota muda mrefu. Ukiyavunja ukakuta vifaranga vilivyokaribia kukamilika, shuku unyevu wa siku tatu za mwisho.

*Mwembe wangu wa kokwa tayari ni mkubwa na unazaa maembe machachu. Niukate?* Ukate juu, usiung'oe. Mizizi ya miaka 6 ni mali. Kata matawi makubwa kwa zamu, ukiacha moja au mawili yaendelee kuulisha mti. Machipukizi mapya yakifikia unene wa penseli, chagua machache yenye nguvu uyabebeshe yote kwa vipandikizi vya ule mti mtamu, kwa hatua zilezile. Tawi la zamani la mwisho likate vipandikizi vikishashika.